Sikio Kwenye Mzinga

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine wa mtaa wetu aliyekuwa nayo. Wenzangu walitumwa maji, walitumwa makaa, walibebeshwa wadogo zao mgongoni. Mimi kila asubuhi kabla ya shule nilipita nyuma ya nyumba, nikapiga magoti kwenye majani yenye umande, nikatega sikio kwenye mzinga wa nyuki. Kisha nilirudi jikoni. Maman aliuliza bila kugeuka, "Ziko?" Nami nilijibu, "Ziko." Ndipo nilipomiminiwa chai.

Nikiwasimulia watu leo wananicheka, na mimi nacheka nao, maana jambo hili ukilisema mchana kweupe mbele ya chupa ya soda linachekesha kweli. Wakati ule halikuchekesha hata kidogo. Nilikuwa nasikiliza kama baba yangu bado yu hai.

Ngoja nieleze vizuri. Papa alikuwa agronomu, yaani bwana shamba, mtu wa ofisi mwenye matope kwenye viatu. Nyumba yetu ilikuwa mjini Bukavu, upande wa Muhumba, kwenye mteremko, na nyuma yake palikuwa na bustani nyembamba iliyoshuka kuelekea ziwani: maharagwe, lengalenga, kahawa chache, mti mmoja wa avoka, na maboga yaliyotambaa popote yalipotaka. Maboga ndiyo yaliyomtia papa wazimu. Yalitoa maua ya manjano, makubwa, mazuri ya kuangalia, halafu tuboga tudogo tukaoza na kuanguka kabla ya kukua.

"Maua iko mingi, nyuki haiko," alisema. Akanikalisha chini akanionyesha ua dume na ua jike, na ule unga wa manjano ambao lazima utoke kwa huyu ufike kwa yule, na mbebaji wake mkuu ni nyuki. Akaamua kufuga nyuki palepale nyumbani, kwa ajili ya maboga kwanza. Asali, alisema, itakuwa matabishi tu, kitu cha juu.

Koko, yaani bibi yangu, mama yake papa, alisikia habari hiyo kule kwake Nyantende. Akaja mjini akifuatana na jirani aliyembebea mzinga wa gogo kichwani. Alisema anakuja kuutegesha tu na kurudi kwake, kisha akabaki nasi mpaka alipokufa. Na alikuja na masharti. Mzinga ulifukizwa moshi wa majani aliyoyachagua mwenyewe, ukapakwa nta ya zamani kwa ndani. Halafu akamwambia papa avue shati.

"Shati ya jasho," alisema. "Hapana ile ya kufua."

Ndivyo walivyofanya kwao: mzinga mpya unapanguswa ndani kwa nguo ya mwenyewe aliyoivaa siku nzima kazini, ili nyuki wakija wakute harufu ya mtu wao. Papa alivua shati lake la kaki akicheka, akabaki na singlendi mbele ya majirani. Koko hakucheka. Alipangusa gogo kwa ndani, taratibu, mkono ukizama hadi begani, kisha akamrudishia shati lake.

"Nyuki zinajua muntu yao," aliniambia mimi, maana papa alikwisha kuanza kupiga mluzi. "Akiwa na pumzi, zinakaa. Pumzi ikikatika, hata akikufia mbali, zinaenda. Siku tate yako, bwana yangu, alikufa mu hospitali hapa Bukavu, kule Nyantende muzinga ilibaki wazi mbele habari ifike."

"Maman, ilikuwa kiangazi," papa alimjibu. "Maua haikuwa. Nyuki zilikuwa na njaa."

"Na juu ya nini zilingoja siku ile?"

Papa akaendelea na mluzi wake. Alikuwa mtu wa mluzi, baba yangu. Ungejua yuko wapi bustanini bila kumwona. Nyuki waliingia mzingani kabla mwezi haujaisha, na msimu ule tulikula maboga hadi nikaomba Mungu yakome.

Mvua zilikuwa zimeanza papa alipotumwa na ofisi kwenda Mwenga, kule msituni, yeye na wenzake wawili ndani ya jipu. Alituaga, akapita nyuma kuaga maboga yake, akaondoka akipiga mluzi. Haikupita wiki vita ikaingia Bukavu. Nasema vita ya kwanza. Mtu wa kwetu hahitaji kutajiwa mwaka. Tulilala chini kwenye kuloari, ujia wa ndani usio na madirisha, mimi katikati, Koko akisali kwa Kimashi na maman kwa Kifaransa, kila mmoja akimwambia Mungu mambo yaleyale. Ilipotulia kidogo, mtaa ulikuwa mtupu. Watu walikuwa wamekimbilia milimani na magodoro yao. Maman alikataa kuondoka.

"Papa yako akirudia, atatukuta fasi gani?" alisema, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo.

Askari walikuja kuchukua. Walichukua redio, wakachukua magodoro, wakachukua hata sufuria ya sombe iliyokuwa bado motoni. Nyuma ya nyumba hawakufika. Yule wa kwanza aliyepita kona alirudi mbio akijipiga makofi usoni mwenyewe, akimlilia mama yake. Na chini ya mzinga, ndani ya bidoni, maman alikuwa ameficha maharagwe yetu yote. Tulicheka siku ile, jamani, tulicheka huku tumezibana midomo kwa vitenge.

Lakini papa hakurudi. Barabara ya Mwenga ilikatika. Watu walitoka msituni kwa miguu, wamevimba, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Huyu alisema jipu lilichomwa. Yule alimwona mtu anayefanana naye karibu na Shabunda. Mwingine alisema hapana, wa Shabunda ni mrefu zaidi. Maman aliwasikiliza wote akiwa amesimama, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ndipo Koko aliposema, "Tuache kuuliza batu. Tuulize nyuki."

"Maman, mie niko mukristu," mama yangu alimjibu. Alikuwa mwalimu, mtu wa misa ya asubuhi, na mbele ya mama mkwe wake hakuwahi kupaza sauti. Alisema hivyo polepole, akiangalia sakafu. "Ile ni mambo ya zamani."

Koko hakubishana. Masikio yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo asubuhi yake alinituma mimi. Nilikwenda, nikatega sikio, nikarudi mbio. Na kabla Koko hajafungua mdomo, aliyeuliza "Ziko?" alikuwa maman.

Sijui nieleze vipi mvumo ule. Mwanzoni unasikia kelele moja tu, nzito, iliyokaa mahali pamoja. Ukitulia inafunguka. Unasikia ya mbali na ya karibu, ya chini na ya juu, na katikati kitu kinachokwenda na kurudi taratibu sana. Gogo lilikuwa na uvuguvugu kwenye shavu langu. Ukungu ulipanda kutoka ziwani ukafunika paa za watu, ukafunika avoka, mpaka duniani tukabaki mimi na gogo. Mara nyingi nilisinzia palepale. Nilimwona papa akitembea ndani ya majani makubwa ya maboga yaliyopita kichwa chake, msitu mzima wa maboga, maua yakiwa juu badala ya jua, naye hana haraka. Nilimfuata bila kuchoka. Maman aliponiita nilikuwa na alama za maganda ya mti shavuni, na shuleni walinicheka. Waliniita Bibi Nyuki. Nilikuwa mjeuri, nikawaambia afadhali bibi nyuki kuliko bibi chawa.

Kisha mvua ikakaza. Siku nenda siku rudi, mvua. Nyuki hawakuweza kutoka, na mvumo ukaanza kupungua. Asubuhi moja nilipoulizwa nilisema, "Ziko," lakini nilichelewa kidogo kujibu, na maman aligeuka akaniangalia.

Sukari ilikuwa imepotea nyumbani zamani. Tulikunywa chai chungu, na tulidhani ni vita. Alasiri ya siku hiyohiyo nilirudi shuleni mapema, nikasikia mtu nyuma ya nyumba. Nilimwona papa. Shati la kaki, mgongo umeinama juu ya mzinga. Nilikimbia nikiita jina lake, na aliyegeuka alikuwa maman. Alikuwa amevaa shati la papa juu ya kitenge, lile la jasho, ambalo hakuwahi kulifua tangu papa aondoke. Mkononi alikuwa na sahani ya maji ya sukari, na juu ya maji ameweka vijiti ili nyuki wasizame. Walikuwa wakimtembea mikononi, hakuna hata mmoja aliyemuuma.

Nililia kwa hasira. Nililia kwa kuwa hakuwa yeye, na pia, niseme ukweli, kwa ile sukari.

"Nyamaza, Nabintu," alisema. "Zikikosa harufu yake zitamusahau. Na usimuambie koko."

Koko alijua, bila shaka. Mwanamke aliyelala chumba kimoja na sisi, na pua yake ile! Lakini naye alinyamaza. Nyumba nzima tulikuwa tunafichana kitu kilekile.

Mvua ilipopungua, mzinga ulikuwa umejaa hadi nyuki wakaning'inia mlangoni. Nilijibu "Ziko!" kwa sauti ya kuamsha mtaa. Na ilikuwa asubuhi ya jua safi, ziwa likimetameta kule chini, siku ya kufurahi kabisa, tuliposikia ngurumo nyuma ya nyumba.

Nyuki walikuwa wanatoka. Walimiminika kutoka kwenye tundu la mzinga wakapanda hewani, wakazunguka juu ya bustani mpaka anga lote la nyuma ya nyumba likawa linatembea. Kivuli chao kilipita juu ya maboga. Sikuwa na woga. Nilisimama chini yao mdomo wazi, nikidhani naota tena. Wakakusanyika kwenye tawi la avoka, rundo moja jeusi, wakatulia. Koko alinyoosha mikono akawaita kwa majina ya Kimashi ambayo sikuyajua, kwa sauti ndogo kabisa, ya kumbembelezea mtoto. Wakainuka tena. Wakapita juu ya paa wakaelekea upande wa Nyantende, na baada ya Nyantende upande wa milima, mpaka hatukuwaona.

Koko alikaa chini. Alikaa kwenye udongo, akavua kitambaa cha kichwa, na nywele zake nyeupe ambazo sikuwahi kuziona zikawa nje juani. Akafungua kinywa akaanza kilio, kile cha msibani, kinachoita majirani.

Maman alitoka jikoni mikono imejaa unga wa muhogo. Aliangalia mzinga, akaangalia anga, akamwangalia mama mkwe wake pale chini. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akimpigia kelele.

"Nyamaza! Maman, nyamaza! Hapa hakuna maiti!"

Akanishika shingoni kwa ule mkono wa unga akanisukuma mpaka kwenye gogo. "Sikiliza."

Sikutaka. Mungu anisamehe, kitu cha mwisho nilichotaka duniani kilikuwa kuweka sikio pale. Nilifumba macho nikaweka. Damu yangu mwenyewe ilikuwa ikipiga masikioni, sikusikia lingine. Nikangoja. Maman hakuuliza, nilisikia pumzi yake juu yangu. Kisha, ndani kabisa, mbali, kitu kikaanza kwenda na kurudi.

"Ziko," nilisema. "Maman, ziko. Kidogo, lakini ziko."

Maman aliketi chini hapohapo kando ya Koko. Koko alitambaa kwa magoti, akaweka sikio lake lililochoka kwenye gogo, akakaa hivyo kwa muda mrefu mpaka kilio chake kikakauka usoni. Alipoinuka alijifunga kitambaa chake bila haraka.

"Nusu imeenda, nusu imebaki," alisema. "Atarudia. Lakini hatarudia yeye yote."

Papa alirudi wakati wa kiangazi. Nilikuwa kwenye mzinga kama kawaida, macho nimefumba, na nilipoyafumbua alikuwa amesimama ndani ya maboga, ndevu hadi kifuani, miguu imefungwa matambara. Nilimwangalia tu. Nilikuwa nimemwona hapo mara nyingi mno katika usingizi wangu. Ndipo akanong'ona, kama mtu anayeogopa jibu:

"Beko? Maman na koko, beko?"

"Beko, papa," nilisema. Wapo wote.

Akakaa juu ya boga. Kumbe naye huko msituni alikuwa akijiuliza swali letu.

Hatukuambiwa mengi. Alikwenda na wenzake wawili akarudi peke yake. Hilo tulilijua kwa kuwa wake zao walikuja, wakaketi sebuleni, wakaondoka. Papa alirudi ofisini, akarudi bustanini, alinisomesha hadi chuo kikuu. Alikuwa baba mwema. Lakini hakupiga tena mluzi. Ungeweza kumtafuta bustani nzima ukamkuta mbele yako amesimama, jembe mkononi, kimya. Koko alimtazama kutoka mlangoni na hakusema hata mara moja kwamba yeye alikwisha kusema.

Siku moja nilimweleza habari ya nyuki walioondoka, na sukari ya maman. Alitabasamu, karibu acheke.

"Muliwapa sukari? Njo maana! Mulizishibisha, zikakuwa mingi, zikagawanyika. Malkia ya zamani anaenda na nusu. Ni namna yao ya kuzaa, Nabintu. Hakuna uchawi." Kisha akauliza, "Zilienda upande gani?"

Nilimwonyesha, juu ya paa, upande wa Nyantende na milima ya nyuma yake, ndiko iendako barabara ya Mwenga. Aliangalia huko kwa muda mrefu.

"Eh," alisema. "Upande ule."

Na tangu siku hiyo, alipomaliza kazi bustanini, alipenda kukaa akiwa ameelekea huko.

Alikufa nikiwa mtu mzima, kitandani mwake, mkono wake ndani ya mkono wa maman. Koko alikuwa amekwisha kututangulia. Mimi ni mtu niliyesoma. Nafundisha watu wengine kufuga nyuki, na nimeeleza darasani mara nyingi jinsi kundi linavyogawanyika. Lakini kabla sijawapigia ndugu simu, kabla sijalia, nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga magoti. Kwa hesabu ya Koko, mzinga ulipaswa kuwa mtupu.

Walikuwa wanavuma. Kama siku yoyote, wanakwenda na kurudi.

Niligeuka kumwambia mtu, sijui nani. Maman alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, amejitanda shati la kaki mabegani. Lilikuwa limechakaa hadi nyuzi. Miaka yote hiyo ndiye aliyewahudumia nyuki wale, kwa shati lile, kwa mikono yake, kwa jasho lake. Ndipo nilipofahamu jambo ambalo Koko angelifahamu bila kuambiwa: nyuki walikuwa na mtu wao, na mtu wao alikuwa bado anapumua. Nikalia hapo, kwa ajili ya papa, na kwa raha ambayo niliionea aibu.

Sasa maman amezeeka. Magoti hayamruhusu kushuka bustanini, anakaa dirishani na rozari yake akihesabu maboga yangu na kuyakosoa. Kila asubuhi, nikiwa nimevaa nguo za kazi, napita nyuma. Nikikutana na wanafunzi wangu nawaambia ni vizuri mfugaji kusikiliza mzinga wake, unajua hali ya kundi bila kuusumbua. Ni kweli kabisa, imeandikwa hata vitabuni. Lakini mimi huwa nasikiliza kitu kingine, na huwa naogopa kama nilivyoogopa siku ile ya unga wa muhogo shingoni.

"Nabintu!" ananiita kutoka dirishani. "Ziko?"

"Ziko, maman."

"Basi enda kazini, utachelewa."

Nami najipangusa magoti, naenda.